Mama Alisema Imekuja, Fundi Hakushuka

Fundi wa antena anayeijua Tunduma hapandi paa la mteja kabla hajayasoma mapaa ya majirani. Anasimama barabarani, mkoba begani, anatazama. Antena za mtaa zikiwa zimeelekea upande mmoja, ameshapata nusu ya jibu. Moja ikiwa imegeukia Zambia, anauliza kama ilisukumwa na upepo au iliwekwa hivyo kwa makusudi, maana hapa mpakani yote mawili hutokea. Akiona vijiti vya antena vimelala sambamba na ardhi, anajua mawimbi yanayotafutwa yamelala. Vikiwa vimesimama wima, nayo yamesimama. Na akikuta mtaa mzima ni madishi matupu, hakuna antena hata ya kusingizia, hilo nalo ni jibu, ingawa si jibu litakalompendeza mteja aliyekwisha kununua king'amuzi cha antena dukani.

Nimekuwa nikiwatazama watu hawa wakifanya kazi mitaani, Sogea, Majengo, Mpemba kule inakochepukia barabara ya Isongole, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyoona tunawapunja sifa. Kazi yao ikiwa nzuri haionekani. Mwenye nyumba anaona taarifa ya habari, anaona mpira, hana sababu ya kukumbuka kwamba juu ya kichwa chake kuna bomba, waya na saa mbili za mtu aliyejikunja juu ya bati la moto. Ikiwa mbaya, jina la fundi linatajwa kila mvua inaponyesha.

Zamani kazi hii kila mtu aliijua kidogo. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu 1973. Bara ilisubiri hadi 1994, na mitambo ya analojia ilipoanza kutapakaa mikoani kila familia ilizaa fundi wake. Mmoja juu ya paa, mmoja dirishani, mmoja mbele ya televisheni.

"Vipi hapo?"

"Chenga!"

"Na hapa?"

"Afadhali!"

Afadhali ilikuwa matokeo halali. Watu walitazama fainali za Kombe la Dunia kwa afadhali, mpira ukiwa doa jeupe ndani ya madoa meupe, na aliyekaa karibu na skrini akiwatangazia wenzake nani kafunga. Chenga zilikuwa kero, lakini zilikuwa pia kipimo. Zikipungua unajua unakaribia, zikiongezeka unajua umepita. Mtoto wa darasa la tano aliweza kumwongoza baba yake kwa macho tu.

Dijitali ilifuta afadhali. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, mapema zaidi kuliko tarehe ya 17 Juni 2015 ambayo nchi zetu zilikubaliana Geneva mwaka 2006. Mikoa ikafuata kwa zamu, na Mbeya ilifikiwa Aprili 2013. Wakati huo Tunduma, Mbozi na Ileje zilikuwa bado ndani ya Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016, makao makuu yakiwa Vwawa. Ndiyo maana mpaka leo utamsikia mzee wa huku akisema mtambo wa Mbeya kana kwamba ni wa kwao. Kwa miaka mingi ulikuwa wa kwao kweli.

Kilichobadilika kinafaa kuelezwa, kwa sababu ufundi wote wa leo umejengwa juu yake. Kila chaneli ya UHF ina upana wa megahezi 8. Enzi za analojia upana huo ulibeba kituo kimoja. Sasa unabeba furushi zima la vituo. Picha na sauti zinageuzwa namba, kisha namba zinagawanywa kwenye vibebeo maelfu, kila kimoja kikipita kwenye kijia chake chembamba. Ni shehena ya lori moja iliyogawiwa bodaboda elfu kadhaa: njia zikiziba kwa baadhi yao, mzigo bado unafika. Juu ya hapo kuna hesabu za kusahihisha makosa. Katika DVB-T2, mfumo uliochaguliwa kwa ukanda wetu, hesabu hizo zinatokana na kazi ya Mmarekani Robert Gallager, aliyeziandika kwenye tasnifu yake ya udaktari pale MIT mwaka 1960. Zilikaa kabatini zaidi ya miaka thelathini, kwa sababu hapakuwa na mashine ya bei nafuu ya kuzimudu. Leo zimo ndani ya kisanduku cha plastiki kilichowekwa juu ya kitambaa cha kufuma sebuleni Chapwa.

Faida yake ni kubwa. Hata milima, iliyokuwa adui mkuu wa analojia, imepunguziwa ukali. Mawimbi yakigonga kilima cha Ileje na kurudi yalikuwa yanamletea mtazamaji mtu na kivuli chake, watangazaji wawili wakisoma habari moja bega kwa bega. Mfumo wa sasa unaacha mwanya mdogo wa kusubiri mwangwi, na mwangwi ukiwahi ndani ya mwanya huo hauharibu kitu.

Hasara yake ni moja, nayo imeangukia kichwani kwa fundi. King'amuzi kinaficha matatizo. Kinasahihisha, kinasahihisha, kinasahihisha, picha ikiwa safi kama maji ya kisima, mpaka makosa yapite kiwango. Hapo picha inavunjika vipande vya mraba, sauti inakatika, na skrini inabaki nyeusi na maneno ya Kiingereza. Kati ya usafi na weusi hakuna kituo cha kupumzika. Picha iliyobakiwa na nguvu tele na picha iliyosimama ukingoni mwa shimo zinafanana kabisa. Kwa hiyo fundi anayefanya kazi kwa kutazama picha hajui amefanya nini. Anayejua kazi anatafuta akiba: nguvu ya ziada itakayobaki mvua ikinyesha, bati la jirani likipigiliwa, kebo ikizeeka. Picha anaipata mapema. Akiba ndiyo inayomchelewesha juu ya paa, na ndiyo ninayoisifia.

Kabla ya paa kuna ramani, na fundi anayo kichwani. Tunduma imekaa juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, lakini kukaa juu hakutoshi. Swali ni nini kimesimama katikati. Kutoka hapa hadi jiji la Mbeya ni kama kilomita 85 kwa mstari ulionyooka, upande wa kaskazini mashariki, ingawa barabara inakudai zaidi ya mia moja. Mawimbi ya UHF hayapindi kama ya redio ya masafa mafupi. Yanakwenda karibu na mwendo wa jicho, na dunia ni mviringo. Kuna kanuni fupi ya kukadiria: chukua kimo cha mlingoti kwa mita, tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita za upeo. Mlingoti wa mita 100 juu ya tambarare unafika kilomita 41. Antena ya mteja ikiinuliwa mita 9 inaongeza kilomita 12 na ushei. Ndiyo sababu wahandisi hupenda vilele: Loleza, mlima wa mita 2,656 unaoitazama Mbeya kutoka juu na wenye minara ya mawasiliano, unapita uwanda wa Mbozi kwa takribani mita elfu moja, na kwa kanuni hiyo hiyo kimo cha namna hiyo kina upeo wa kilomita 130. Kwenye karatasi. Kwenye ardhi kuna mabega ya vilima, mashamba ya miti na majengo ya ghorofa yanayoota Tunduma kila mwaka.

Halafu kuna wale ambao ramani imewaonea. Mkoa huu una uwanda wa juu wa Mbozi na una bonde la Rukwa, na ukishuka kuelekea Kamsamba au Mkwajuni umeteremka mamia ya mita nyuma ya ukuta wa ardhi. Mtu wa Vwawa na mtu wa Kamsamba wako mkoa mmoja, lakini kwa mawimbi ya mtambo uliosimama juu ya uwanda wanaishi dunia mbili. (Songwe haijawahi kukosa vitu vinavyotoka juu: kimondo cha Mbozi kimelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, na kingine kilianguka Ivuna mwaka 1938. Hivyo vilifika bila antena.)

Na kuna mpaka. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliokatwa na mstari; malori ya shaba na mafuta yanapita, reli ya TAZARA inapita, tangu 2019 kituo cha pamoja cha forodha kinahudumia pande zote mbili. Mawimbi nayo hayaonyeshi pasipoti. Upande wa Zambia iliundwa TopStar ya televisheni ya antena, ubia wa shirika la utangazaji la ZNBC na kampuni ya Kichina ya StarTimes; upande wetu StarTimes hiyo hiyo iliingia ubia na TBC. Fundi mgeni anaweza kugeuza antena, akaona kiashiria cha nguvu kimepanda, akapiga kofi la ushindi, kumbe amenasa mawimbi ambayo king'amuzi cha mteja hakiwezi kuyasoma. Mwenyeji hauamini mshale wa nguvu peke yake. Anatazama wa pili, wa ubora. Nguvu tisini na ubora sifuri maana yake umeshika kitu, lakini si kile king'amuzi kinachoweza kukisoma.

Chombo chenyewe cha kunasia hakijabadilika sana kwa karibu miaka mia. Ile antena ya mgongo wa samaki tunayoiona juu ya nyumba ilibuniwa chuo kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, Japani, na Shintaro Uda pamoja na profesa wake Hidetsugu Yagi, na ikajulikana kwa ulimwengu miaka ya 1920. Wajapani wenyewe hawakuijali. Inasimuliwa kwamba Waingereza walipopoteza Singapore mwaka 1942, maofisa wa Japani walikuta daftari la fundi wa rada wa Kiingereza lenye neno "Yagi" wasilolielewa, wakamuuliza mateka. Naye akawajibu kwa mshangao kwamba hilo ni jina la Mjapani mwenzao.

Kijiti kimoja tu ndicho kilichounganishwa na kebo. Kilicho nyuma yake, kirefu kidogo, kinarudisha mawimbi mbele. Vilivyo mbele, vifupi kidogo kila kimoja, vinayavuta. Vipimo si mapambo. Nimemwona fundi wa Mpemba akijitengenezea antena kwa vijiti vya alumini vya dirisha, akikokotoa kwa kalamu ya risasi juu ya kipande cha mbao. Namba ya chaneli zidisha kwa 8, jumlisha 306, hayo ndiyo masafa ya katikati kwa megahezi. Chaneli ya 40 inatoa 626. Gawa 30,000 kwa jibu hilo, unapata urefu wa wimbi kwa sentimita: karibu 48. Nusu yake 24, na anapunguza kidogo. Akakata sentimita 22 na nusu, akaisugua ncha kwa jiwe, akapima tena. Antena zake hazina nembo, na zinashika kuliko nyingi zinazouzwa kwenye maboksi yenye picha ya familia ya Kizungu ikicheka.

Lakini mahali ambapo fundi hodari anajitenga na wengine ni kwenye kitu kidogo kuliko antena: ncha ya kebo. Hapa pana haja ya kusogea karibu.

Anashika kebo kwa mkono wa kushoto, wembe kwa mkono wa kulia. Anazungusha wembe kwenye gome jeusi bila kukandamiza, mara moja, anavuta, gome linatoka kama kofia. Chini yake kuna nywele za waya, nyembamba, zimesukwa. Wengi hapa huzikata zote ili waone vizuri. Yeye anazirudisha nyuma moja moja, anazilaza juu ya gome, anapitisha kidole gumba kuhakikisha hakuna iliyobaki mbele. Halafu karatasi ya fedha, halafu sponji nyeupe, ambayo anaikata kwa wembe ule ule lakini kwa mkono mwepesi zaidi, maana ndani yake kuna uzi wa shaba na hataki kuukwaruza. Mawimbi ya masafa haya hayapiti katikati ya uzi. Yanatambaa kwenye ngozi yake, katika tabaka lisilofika hata sehemu tatu za elfu moja ya milimita. Mkwaruzo unaouona kwa macho ni korongo kwa yanayopita hapo. Mwisho anaingiza pini ya kuzungusha, anaisukuma mpaka sponji iwe sawasawa na sakafu ya pini, shaba ikichungulia kidogo tu. Anainua kwenye mwanga na kutazama. Unywele mmoja wa waya ukigusa shaba, kazi yote ya juu ya paa imekufa, na hakuna king'amuzi kitakachomwambia kosa liko wapi.

Kebo yenyewe anaipima kwanza kwa hatua kabla ya kuikata, na haungi. Waya wa umeme ukikatika unasokotwa na kufungwa tepu, taa inawaka. Kebo ya antena ikisokotwa namna hiyo inavuja pale pale kwenye kiungo. Hata ikiwa nzima inakula: kebo nzuri ya RG6 yenye urefu wa mita 20 inapoteza zaidi ya nusu ya nguvu iliyopewa, kwa kusafiri tu. Mteja anayetaka mita kumi za ziada zizungushwe nyuma ya kabati "tukihama chumba" anatumia akiba ambayo bado haijapatikana.

Kisha kupanda. Siku moja, nyumba ya mama mtu mzima Majengo, nilikaa kivulini nikafuatilia kazi yote. Fundi alimwamkia, akavua viatu, akapanda akikanyaga penye misumari tu, kwa sababu chini ya misumari kuna kenchi na kati ya misumari kuna hewa. Msaidizi wake alikuwa sebuleni mbele ya televisheni. Bomba likainuliwa, likafungwa kwa klampu mbili, spana ikabaki imelegea kidogo ili bomba lizunguke.

"Dogo, ubora?"

"Arobaini!"

"Usiniambie mpaka itulie."

Kimya. Akageuza kwa upana wa kidole. Akaachia mikono kabisa, akakaa, akatazama barabara ya Nakonde. King'amuzi kinahitaji sekunde kadhaa kukamata mawimbi, kuyakagua, kupandisha mshale. Anayezungusha kwa haraka ya enzi za chenga anapita penyewe kabla king'amuzi hakijapaona, anazunguka duara zima na kushuka akisema hapa hakuna mawimbi. Huyu aligeuza, akasubiri. Akageuza, akasubiri.

"Hamsini na tano!"

Tena.

"Sabini! Imekuja picha!"

Mama akatoka mlangoni, khanga begani, furaha usoni. "Baba, imekuja, teremka upumzike, chai ipo."

"Asante mama, bado kidogo."

Hakushuka. Picha ilikuwa imekuja, na yeye ndio kwanza alikuwa anaanza. Aligeuza kupita pale penye sabini, mpaka ikashuka arobaini upande wa pili, akaweka alama ya chaki kwenye bomba. Akarudi mpaka arobaini ya upande wa kwanza, chaki tena. Halafu akaiweka katikati ya alama mbili. Ikawa sabini na nane. Hapo akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akalegeza klampu na kuishusha antena, akijaribu kila baada ya kipande kifupi. Nusu mita chini ya pale alipoanzia, ubora ulipanda zaidi. Watu wote tunaamini juu zaidi ni bora zaidi. Lakini mawimbi yanafika mara mbili, mara moja kutoka mbali na mara ya pili yakiwa yameruka kutoka kwenye mabati ya chini, na kuna kimo ambapo haya yanayaongeza yale na kimo ambapo yanayaua. Mji wa mabati kama Tunduma una mashimo hewani, na namna ya kuyakwepa ni kupapasa.

Alipomaliza alikaza spana, akaikunja kebo chini ya pini iwe na tumbo dogo ili maji ya mvua yadondoke kabla ya kufika kwenye king'amuzi, akaifungia pini kwa mpira wa ndani wa baiskeli juu ya tepu. Tepu peke yake inabanduka kwa jua la Septemba. Chai ilikuwa imepoa.

Sifa nyingine ya fundi huyu ni kitu ambacho hakukitoa mkobani. Busta ipo, kila duka la vifaa vya umeme hapa linaiuza, na kwa mteja inaonekana dawa ya kila ugonjwa. Busta inakuza kila inachokisikia, na siku hizi hewani kuna makelele mengi. Masafa ya megahezi 700 na 800, yaliyokuwa ya televisheni, yamehamishiwa simu. Mji wa mpakani unasikia minara ya simu ya nchi mbili, mingine ikiwa mita chache kutoka kwenye paa la mteja. Busta ya bei rahisi ikimezeshwa mawimbi ya mnara wa jirani inapaliwa, na king'amuzi kinaona nguvu mia na ubora unaoyumba. Mara kadhaa nimeona nyumba iliyosumbuka miezi ikipona kwa fundi kuondoa kitu. Anaing'oa busta, anamkabidhi mwenye nyumba mkononi, anaandika bili ya kazi peke yake. Duka halimpendi kwa hilo.

Mtu atauliza kwa nini kujisumbua hivi wakati dishi lipo. Swali la haki. Dishi linatazama setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, halijali bonde la Rukwa wala kilima cha mtu, na kwa mtu wa Kamsamba mara nyingi ndilo jibu la kweli. Lakini antena ni rahisi kununua, haihitaji uwanja, na kifurushi kikiisha chaneli za taifa na zile za bure zinatakiwa ziendelee kuonekana. Mwaka 2018 wengi walilikumbuka hilo kwa ghafla, pale Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipoagiza ving'amuzi vya dishi viache kubeba chaneli hizo za ndani kwa kuwa leseni za kampuni husika zilikuwa za huduma ya kulipia. Wenye antena hawakuguswa. Kwa mwalimu wa Mlowo ambaye mshahara ulikuwa unatoka mwisho wa mwezi na kifurushi kinaisha tarehe kumi na tano, tofauti hiyo ilikuwa wiki mbili za habari.

Kilichobaki ni kazi ngumu kuliko kupanda, yaani kukataa. Nimeshuhudia fundi akizunguka kiwanja kizima cha nyumba moja bondeni nje ya mji, mlingoti mkononi, kipima mawimbi kikining'inia shingoni, akiinua, akishusha, akihamia nyuma ya choo, akihamia juu ya tenki la maji. Kona moja ilitoa picha. Mwenye nyumba akashangilia. Fundi akasimama pale muda mrefu akitazama ubora ukicheza kati ya thelathini na arobaini, kisha akakunja kebo yake.

"Mzee, hapa itakuonyesha leo. Masika haitakuonyesha. Rudisha king'amuzi ukabadilishiwe cha dishi, risiti si unayo?"

Angeweza kufunga pale pale, akala pesa, akaondoka huku picha ikionekana, na mzee angemshukuru mpaka Desemba. Mzee alimpa nauli tu, tena kwa shingo upande, kwa hoja kwamba hakuna kilichofungwa. Nadhani alikosea. Siku ile alinunua ukweli kuhusu kiwanja chake, na ukweli huo ulichukua muda mrefu kuliko kazi ya Majengo.

Kwa hiyo wewe unayehamia Tunduma, Vwawa au kokote mkoani humu: mwite fundi kabla hujaenda dukani, mruhusu azunguke na kipima mawimbi chake, usimwambie ashuke picha inapotokea. Na akikuambia hapashiki, mlipe.